Sindano na Daktari wa Simu

Sindano hanipendi, na haki anayo. Kabla ya siku ile alikuwa ananichukia kidogo tu, kama anavyowachukia wateja wake wote. Niliwahi kumpelekea suruali anipanulie kiuno, akanizungushia futi mara mbili, akaniambia, "Kitambaa kimefika mwisho. Sasa punguza tumbo wewe." Mimi nasambaza mikate kwa gari, na mtu wa mikate haambiwi habari za tumbo. Tukanuniana. Lakini ile ilikuwa chuki ya mtaani tu, ya kusalimiana kwa kidevu. Ya sasa ni nyingine.

Ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, meza ya kukatia iliyojaa mistari ya chaki, na ukuta anaochangia na kinyozi wa mlango wa pili. Huyo kinyozi ni mumewe. Walitoboa tundu ukutani kupitisha waya wa umeme, na kupitia tundu hilo wamegombana miaka ishirini na mbili bila yeyote kuacha kazi yake. Uko kwenye kiti, shingo imeinamishwa, unasikia sauti ya mwanamke ikitoka ukutani:

"Umekula?"

"Ngoja kwanza," anajibu Kinyozi.

"Nimekuuliza kama umekula, sijakuuliza habari za kungoja!"

Sisi wateja tulikuwa tukicheka. Jina la Sindano, kwanza, hakupewa kwa ajili ya kazi. Mafundi ni wengi na hawaitwi hivyo. Alipewa kwa ajili ya ulimi: akikuchoma, damu huioni mpaka ufike nyumbani.

Kinyozi alikuwa na presha. Aligundulika nayo zahanati miaka sita iliyopita, akaandikiwa vidonge vya kila asubuhi, maisha yake yote. Sindano alikuwa askari wa vidonge hivyo. Alimsimamia mpaka ameze, na wakati mwingine alimwambia afungue mdomo, kama mtoto.

Halafu akaja Chaja na simu yake.

Chaja ni mdogo wake Kinyozi. Ana kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara, anauza na chaja, ndiyo maana ya jina. Mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopakwa asali. Alikuwa amewawekea nusu ya mtaa programu ya afya, yenye picha ya daktari mwenye koti la kijani, na watu wakaiita Daktari wa Kijani. Unaiuliza kichwa, unaiuliza tumbo, unaiuliza usingizi. Kilichowapagawisha zaidi ni kipimo cha presha. Unaweka kidole gumba juu ya kamera, taa inawaka, unasubiri nusu dakika, kisha yule daktari wa kuchorwa anapiga makofi: "Hongera! Presha yako iko vizuri."

Kinyozi alikuwa akijipima kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Hongera. Kesho yake hongera. Sindano alipojua alikuja juu kama moto wa kifuu, sauti ikapenya tunduni: "Kidole kimoja hakivunji chawa, kitapima presha?"

Tulicheka sana siku hiyo. Hata mimi. Kisha nikaweka kidole changu, nikapewa hongera, nikafurahi. Presha yangu baadaye ilipopimwa na nesi kwa ile bendi ya mkononi, nesi aliniambia nikae chini.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi na dakika chache. Nilikuwa nimemaliza kushusha mikate, gari nimeliegesha mbele ya mlango wa Kinyozi, niko kwenye kiti. Alikuwa amenyoa upande wa kulia. Ghafla mashine ikateleza kutoka sikioni ikapanda mpaka utosini, ikafungua barabara katikati ya kichwa changu. Nikaruka. "Aisee, unalima?" nikamwambia.

Hakujibu. Nikamtazama kwenye kioo. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka kama pazia lililochomoka msumari. Mashine ilianguka mapajani mwangu, ikaendelea kunguruma. Mkono wake wa kulia ulining'inia. Alijaribu kusema kitu, maneno yakatoka kama uji.

Nikapiga kelele tunduni. Kimya. Sindano alikuwa amekwenda shuleni kupeleka sare. Nikatoka mlangoni, kitambaa cha kunyolea bado shingoni, nikamwita Chaja. Akavuka barabara mbio. Tulimkalisha Kinyozi kwenye kiti nilichotoka mimi.

"Tulia, tulia, tusikurupuke," Chaja akasema. Akatoa simu.

Nataka nieleze kilichofuata bila kukipamba, maana nimekihesabu mara nyingi. Daktari wa Kijani aliuliza umri. Akauliza jinsia. Akauliza uzito.

"Kaka, una kilo ngapi?" Chaja akamuuliza kaka yake, na kaka yake mate yanamtiririka kidevuni.

Likaja swali kama maumivu ni ya kuchoma au ya kubana. Likaja tangazo, mwanamke anatabasamu, anamimina unga kwenye kikombe, na tangazo halikubali kurukwa. Tukalitazama mpaka likaisha. Watu wazima wawili, tunamtazama mwanamke anakoroga kikombe. Kisha kioo cha simu kikaandika: "Tunachambua majibu yako." Mtandao ukakatika. Uliporudi, ikaanza upya kwenye umri.

Ilipofika mwisho ilisema huenda ni uchovu wa mishipa, mgonjwa apumzike, anywe maji ya uvuguvugu. Tukampa maji, yakampalia, yakamrudi puani. Chaja akasogeza kioo chini zaidi. Kulikuwa na ushauri mwingine: kama ni kiharusi, mtoboe ncha za vidole vyote kumi mpaka kila kimoja kitoe tone la damu, kisha mvute masikio mpaka yawe mekundu.

"Umeona?" Chaja akasema, uso umemkunjuka. "Dawa ipo!" Akaingia chumbani kwa shemeji yake, akatoka na sindano.

Gari langu lilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti kile. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Watu wameniuliza kwa nini sikumbeba mtu nikaondoka, na jibu nililonalo ni la aibu: simu ilionekana ina uhakika, mimi sikuwa nao.

Sindano alifika Chaja akiwa kwenye kidole cha sita. Alisimama mlangoni na mfuko mtupu wa sare. Aliona damu kwenye vidole vya mumewe, akaona ule mdomo, akaona sindano yake mwenyewe mkononi mwa shemeji.

"Mnafanya nini?"

"Shemeji, subiri, bado vinne tu, halafu masikio..."

Alimpiga kofi mkononi. Sindano ikaruka, simu ikaruka. Kisha akanigeukia mimi, na kichwa changu nusu kipara.

"Gari la nani hilo nje?"

"Langu."

"Linaharibika?"

"Hapana."

"Sasa limesimama linangoja nini?"

Tulimbeba Kinyozi tukamlaza nyuma kwenye makreti ya mikate. Nilitazama saa nikiwasha gari: saa tano kasoro dakika tano. Tulikuwa tumemaliza dakika hamsini.

Hospitali ya karibu walimpokea haraka. Daktari, mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, aliuliza swali la kwanza: "Imeanza saa ngapi?" Nikamwambia. La pili: "Anatumia dawa za presha?"

"Kila asubuhi," Sindano akasema. "Mimi mwenyewe namsimamia."

Chaja, aliyekuja nasi, alikuwa anaangalia sakafu. "Aliacha," akasema.

"Nani aliacha?"

"Kaka. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, ukiondoka anavitema. Presha ilikuwa inasoma vizuri kwenye simu, shemeji. Akasema vinamchosha bure."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

Tulikuwa mwezi wa tisa. Sindano hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alimtazama Chaja, kisha mumewe kwenye machela, kisha akarudi kwa Chaja, kama mtu anayechagua kitambaa kipi akate kwanza.

Daktari alieleza kwa kifupi. Kuna kiharusi cha mshipa kupasuka na kuna cha bonge la damu kuziba mshipa. Huwezi kujua kipi ni kipi kwa macho, lazima picha ya ubongo, na mashine ya picha iko hospitali kubwa. Kama ni bonge, kuna dawa ya kuliyeyusha, lakini ina saa zake, nne na nusu hivi tangu dalili ya kwanza. Zikipita, haitolewi. Tukawekwa kwenye gari la wagonjwa, tukavuka mji mzima, tukapanga foleni ya picha. Ilikuwa bonge. Majibu yalitoka dakika ishirini baada ya ule muda kupita.

Ishirini. Toa kwenye hamsini. Sindano alishona maisha yake yote kwa kutoa na kujumlisha, hakuhitaji mtu wa kumfanyia hesabu. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia, "Mama, hata angeipata, nisingekuahidi kitu. Wengine inawasaidia, wengine hapana." Alimjibu, "Sijakuomba ahadi. Nilitaka apewe hiyo nafasi."

Kinyozi alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mguu wa kulia anauburuta, mkono wa kulia umekaa kifuani kama ndege aliyevunjika bawa. Maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Ukimsalimia: "Ngoja." Ukimpa chai: "Ngoja." Akiwa na hasira, ngoja kwa ukali. Akilia, ngoja kwa machozi. Wataalamu wanasema huwa hivyo, ubongo hubaki na neno moja ambalo ulimi umelizoea.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Sindano alikuwa akimwambia huku akimvua shati. "Mimi nimeshangoja vya kutosha. Ungemeza vidonge vyako tungekuwa tunagombana kama watu." Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza, na muda wote huo alimtukana. Majirani walisema ana roho mbaya. Mimi nilikuwa nikipita asubuhi kuacha mkate mlangoni, nikasikia, na sikuona ubaya. Niliona mwanamke aliyedanganywa kila asubuhi kwa miezi saba na mtu aliyemfungulia mdomo kumwonyesha kuwa amemeza.

Mkate wangu aliupokea. Salamu yangu, hapana. Nilijitolea kuwapeleka kliniki ya mazoezi kila Alhamisi, akakubali kwa sharti moja: Kinyozi akae mbele, yeye akae nyuma na makreti. "Nikikaa karibu na wewe nitasema," alinieleza, "na nikisema utatuangusha mtaroni."

Pale kliniki kulikuwa na mtaalamu wa viungo, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Alhamisi ya tatu alimwambia Sindano kuna programu ya simu ya kumsaidia mgonjwa kurudisha maneno. Inaonyesha picha, inataja jina, mgonjwa anafuatisha. Inakumbusha na saa ya dawa.

Sindano alisimama. "Rudia."

"Programu ya..."

"Binti, simu ndiyo iliyomleta huyu hapa. Unataka kunipa nyingine? Mimi na wewe tuna ugomvi gani?"

"Mama, kaa."

"Sikai!"

Yule binti naye hakuwa wa kuchezewa. Aliweka chini faili lake. "Basi simama unisikilize. Nina wagonjwa arobaini na mikono miwili. Mume wako namwona nusu saa kwa wiki. Zile siku sita nyingine unazungumza naye wewe, na kwa jinsi ninavyokusikia, unamfundisha matusi tu. Hii imeandikwa na watu wa hospitali kubwa. Majina yao yako mwanzoni, na kazi zao, na mwaka. Na mstari wa kwanza unasema nini? Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hata moja kati ya hayo, acha simu uende hospitali. Hiyo ya kwenu iliandikwa na nani?"

Sindano alifungua mdomo, akaufunga. Miaka yote niliyomjua sijawahi kuona hilo.

"Sijui," akasema.

"Ukitoka hapa nenda kaitafute. Jina la mtu. Usipoliona, ifute."

Njiani alinyoosha mkono kutoka nyuma, akanipa simu ya Kinyozi. "Wewe una macho. Simamisha gari, soma." Nikasimama pembeni. Nilishuka na Daktari wa Kijani mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama chawa. Hakukuwa na daktari. Hakukuwa na nesi. Kulikuwa na maneno kwamba habari zote ni "za burudani na maarifa ya jumla," na kwamba wenye programu ni wauzaji wa unga wa kusafisha mishipa. Ndiye yule mwanamke wa kikombe.

"Rudia hapo kwenye burudani," Sindano akasema.

Nikarudia.

"Nipeleke kwa Chaja."

Chaja alikuwa na wateja watano. Sindano alishuka garini, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, baiskeli ikamkwepa. Hakumsalimia.

"Burudani," alisema. "Ulimtoboa kaka yako vidole sita kwa burudani."

"Shemeji, tuongee pembeni."

"Pembeni kwa nani? Uliwawekea watu barabarani, tutaongea barabarani. Wangapi umewawekea?"

Chaja alijaribu kutabasamu, haikushika. Kisha akakasirika, na nitamtendea haki niseme aliyoyasema. "Na nyinyi mnataka watu waende wapi? Zahanati unapanga foleni alfajiri, unaonwa jioni, unaambiwa rudi kesho. Simu haina foleni! Haimgombezi mtu! Kaka alikuwa amechoka kugombezwa, shemeji. Asubuhi kugombezwa, mchana kugombezwa ukutani. Ile kitu ilimwambia hongera. Wewe ulimwambia lini?"

Wateja wote walitazama viatu vyao. Ilikuwa kweli, na kila mtu mtaani aliijua. Nilidhani Sindano angelia.

"Sijawahi," akasema. "Na nitajibu kwa hilo. Ila mimi nilimpa kidonge, wewe ukampa makofi ya kuchorwa. Sasa nyinyi hapa, toeni simu zenu."

Na wakatoa. Ule mtaa, Sindano akisema toa, unatoa. Alimsimamisha Chaja afute moja baada ya nyingine. Kesho yake akarudi na chaki yake ya kukatia, akaandika kwenye mlango wa duka la Kinyozi, kwa herufi kubwa: MDOMO. MKONO. MANENO. HOSPITALI SASA HIVI. Mvua ikinyesha inafuta, anaandika tena. Wiki nzima alikuwa akitoka kwenye cherehani yake, akisimama karibu na kibanda, na kila aliyekuja kununua chaja aliulizwa kama anayo ile ya kijani. Wateja walipungua. Mwezi wa pili baada ya hapo Chaja alihamisha kibanda mtaa wa tatu. Wengine walisema Sindano amemfukuza ndugu wa mumewe. Alisema, "Ndiyo. Nani mwingine mnataka nimfukuze?"

Ile programu ya kliniki aliiweka. Hakuipenda hata siku moja. Inaonyesha kiatu, sauti ya mwanamke inasema "kiatu," Kinyozi anasema "ngoja," na sauti inasema "Vizuri sana!" Hapo Sindano alikuwa akipandwa na mori. "Vizuri sana nini? Kiatu kimeitwa ngoja! Wewe dada, una masikio?" Lakini alimfanyisha kila siku, asubuhi baada ya kidonge na jioni kabla ya chakula, kidonge chenyewe akikikagua chini ya ulimi kwa kidole.

Mwezi wa tano tangu augue, Alhamisi, nilifika kuwachukua, nikamkuta Sindano amekaa kizingitini anacheka, mdomo ameuziba kwa kanga, machozi yanamtoka. Nilidhani kuna msiba. Alisahau kwamba hasemi na mimi.

"Amesema nyamaza," akaniambia.

"Nani?"

"Mume wangu! Ile sauti ilikuwa inasema kikombe, kikombe, na mimi namwambia sema kikombe we mtu, na yeye akatutazama, akasema: nyamaza! Safi kabisa! Mpaka sasa sijui aliniambia mimi au alimwambia yule wa kwenye simu."

Tangu siku hiyo maneno yamekuja, machache, kama maji ya bomba bovu. Kiatu bado. Matusi, karibu yote. Anatembea kwa fimbo mpaka dukani, anakaa kwenye benchi la wateja na kumtazama kinyozi waliyemwajiri, ambaye kwa maoni yake hajui kitu. Mkono wa kulia hautashika mashine tena, wameshaambiwa.

Chaja huja Jumapili kumsaidia kaka yake kuoga, maana Sindano mgongo umeanza kumsumbua. Shemeji anamfungulia mlango, anampisha, hamsemeshi. Chaja akimaliza anakuta amewekewa sahani ya chakula kwenye kiti, mlangoni, upande wa nje. Anakula, anaosha sahani, anaondoka.

Wiki iliyopita, tukirudi kutoka kliniki, tumesimama kwenye taa nyekundu ya barabarani, Kinyozi amelala kiti cha mbele, nilijipa moyo. Nilimtazama Sindano kwenye kioo, kule nyuma kati ya makreti.

"Mama," nikasema, "siku ile nilipaswa kumbeba tu nikaondoka. Sikupaswa kungoja."

Alinitazama kwenye kioo hichohicho. Nyuma yetu lori likapiga honi.

"Ulipaswa," akasema. "Taa imewaka kijani. Endesha."